Kivuli si Adui wa Kahawa: Hoja dhidi ya Jua Tupu katika Miteremko ya Kasese na Bwera

Katika miteremko ya Rwenzori inayopanda kutoka mji wa Kasese na kutoka Bwera, karibu na kivuko cha Mpondwe kinachoelekea Kongo, imeenea rai ambayo siku hizi hurudiwa bila kutetewa: kwamba mti wa kivuli ndani ya shamba la kahawa humla mkulima mavuno yake, na kwamba atakaye kuvuna sawasawa hana budi kuufungulia mbuni anga yote. Rai hiyo hupata nguvu kila bei inapopanda, kama ilivyopanda Februari 2025 arabika ilipopita dola 4 kwa ratili katika soko la New York, kwa sababu bei kubwa humfanya kila mwenye shamba aikadirie upya nafasi iliyoshikwa na mringaringa au mkuyu. Makala haya yanaipinga rai hiyo. Hayakani kwamba jua huzalisha matunda, maana hilo ni kweli na halina ubishi. Yanachokana ni kwamba jibu la msimu mmoja, lililopatikana katika mashamba yenye mbolea ya kutosha, linaweza kugeuzwa kuwa kanuni ya mti unaotarajiwa kuishi miaka thelathini au zaidi katika shamba la mteremko lisilopata mbolea yoyote ya dukani.

Rai yenyewe haifai kubezwa, kwa kuwa ina msingi katika maumbile ya mmea. Maua ya arabika huchomoza kwenye vifundo, yaani zile sehemu za tawi ambapo jozi ya majani hujishika, na idadi ya vifundo pamoja na idadi ya matumba katika kila kifundo hutegemea sana mwanga uliolifikia tawi miezi kadhaa kabla ya mvua za kuchanua. Tawi lililolelewa kivulini hurefuka, pingili zake huachana, majani yake hutanuka na kuwa mepesi, na matumba yake huwa machache. Tawi la juani hufupika na kujaa. Brazil, nchi inayozalisha kahawa nyingi kuliko zote duniani, huilima sehemu kubwa bila kivuli, na mashamba makubwa ya Kenya yaliondoa miti yao ya kivuli zamani. Huko Amerika ya Kati, baada ya ugonjwa wa kutu ya majani kuonekana Brazil mwaka 1970 na kuzusha hofu ya kuenea, serikali zilizosaidiwa na fedha za Marekani ziliwahimiza wakulima wakate miti na kupanda aina fupi za mibuni kwa kuibananisha, na mahali ambapo mbolea iliandamana na mabadiliko hayo mavuno yalipanda kweli.

Kwa upande wa pili, baadhi ya watetezi wa kivuli wameidhuru hoja yao kwa kuitegemeza mahali dhaifu. Wanayoipenda zaidi ni hoja ya jani moja: kwamba jani la kahawa hushiba mwanga, yaani hufikia kiwango ambacho mwanga wa ziada hauongezi tena usanisinuru, likiwa limepata theluthi moja au hata pungufu ya mwanga wa jua la adhuhuri, na kwa hiyo mwanga wote unaobaki ni hasara. Kipimo ni sahihi lakini hitimisho halifuati, kwa kuwa majani ya nje ya mbuni huyatia kivuli majani ya ndani, na mti mzima unaweza kuendelea kunufaika na mwanga ambao majani yake ya juu yameshindwa kuutumia. Hoja ya asili nayo, kwamba arabika ilizaliwa msituni na kwa hiyo lazima ikae msituni, haitoshi ikiachwa peke yake, kwani mimea mingi ya chakula imetolewa mbali na mazingira ya mababu zake na ikastawi.

Hata hivyo asili hiyo inabeba jambo jingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Arabika ni mmea wa tabaka la chini la misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia na ya Uwanda wa Boma nchini Sudan Kusini, na ni chotara wa spishi mbili za porini, robusta na Coffea eugenioides, ambazo zote mbili humea misituni katika ukanda huu wa Afrika. Robusta ya mwitu ipo hadi leo katika msitu wa Kibale, kaskazini-mashariki mwa Kasese. Ukiachwa bila kupogolewa, mbuni hurefuka mita tano na zaidi ukiutafuta mwanga unaopenya kati ya miti mirefu kuuzidi. Katika nusu giza hiyo huchanua kidogo, na kwa vizazi visivyohesabika haukupata shida ya kubeba matunda kupita uwezo wake, kwa hiyo haukuwa na haja ya kujenga njia ya kuyaangusha. Mwembe ukizidiwa hupukutisha maembe machanga, na miti mingi ya matunda hufanya hivyo. Mbuni, tunda lake likishapita ukubwa wa kichwa cha pini na kuanza kutanuka, hulishikilia mpaka liive au mpaka tawi life nalo. Melvin Cannell, mtaalamu wa fiziolojia ya mimea aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru nchini Kenya, na ambaye mwaka 1985 aliandika mojawapo ya maelezo kamili zaidi kuhusu ukuaji wa mmea huu, alilihusisha moja kwa moja udhaifu huo na maisha ya kivulini ambamo spishi hii iliumbika.

Matokeo ya udhaifu huo yanaonekana katika shamba lolote lililofunguliwa ghafla. Mwaka wa kwanza mti hubeba buni nyingi hadi matawi yakainama, na matunda hayo, ambayo huchukua sukari na madini kabla ya sehemu nyingine yoyote ya mti kupata fungu lake, huimaliza akiba ya wanga iliyohifadhiwa katika mbao na mizizi. Majani hupukutika, matawi hukauka kuanzia nchani kurudi kwenye shina, mizizi midogo hufa, na mwaka wa pili mti hautumii nguvu zake kuzaa bali kujiotesha upya. Ndiyo maana kahawa ya juani isiyolishwa huwa na mwaka wa neema na mwaka wa ukame wa mavuno, na mwenye kuihukumu kwa kupima mwaka wa neema peke yake hujidanganya bila kukusudia. Kasese iko kwenye ikweta, na jambo hili lina uzito zaidi hapo: mvua huja mara mbili kwa mwaka, mti huchanua zaidi ya mara moja, na kwa kuwa tunda la arabika huchukua miezi saba hadi tisa kukomaa, tawi moja linaweza kuwa na maua, buni mbichi na buni mbivu kwa wakati mmoja. Mbuni wa Brazil, unaochanua kwa msimu mmoja mkubwa, hupata miezi ya kupumzika ambayo mbuni wa Kyarumba, wilayani Kasese, haupati. Kivuli cha kadiri hupunguza matumba kabla mzigo haujaanza kubebwa, na kwa hiyo huifanya ile kazi ya kupunguza matunda ambayo mti wenyewe hauwezi kuifanya. Mpinzani anapoonyesha kwamba tawi la kivulini lina matumba machache, na kukiita hicho kipimo cha hasara, anaieleza tiba kana kwamba ndiyo maradhi.

Mpinzani makini atajibu kwamba mzigo mkubwa si tatizo mti ukilishwa. Jibu hilo ni la kweli, na humo ndimo ulimo mzozo wote. Fábio DaMatta, mtafiti wa Brazil aliyepitia tafiti za kahawa ya jua na ya kivuli katika mapitio yake ya mwaka 2004, alionyesha kwamba faida ya kivuli hukua kadiri mazingira yanavyozidi kuwa magumu kwa kahawa, na hupungua, hata kugeuka hasara, pale ambapo udongo ni mzuri, hali ya hewa inafaa na pembejeo zinapatikana. Basi swali la kuulizwa Kasese si kama jua huzidi kivuli kwa jumla, bali ni lipi kati ya mazingira hayo mawili ndilo la Kasese. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Abuja kwamba matumizi ya mbolea za viwandani yafikishwe wastani wa kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Uganda imebaki miaka mingi miongoni mwa nchi zinazotumia kiasi kidogo kabisa, kilo chache tu kwa hekta. Mkulima anayefungua anga bila kununua mbolea amechukua nusu ya kifurushi cha Brazil, ile nusu inayodai, na kuiacha nusu inayolipa. Miti anayoikata, kama mkenge na mwamba-ngoma, ni ya jamii ya kunde, ambayo kwa msaada wa bakteria wa mizizini huivuta naitrojeni kutoka hewani na kuiweka ardhini. Majani yake yakianguka huwa matandazo, yaani tabaka la mabaki linalofunika udongo na kuuhifadhi unyevu. Kwa lugha ya hesabu, amekifunga kiwanda kidogo cha mbolea siku ileile alipouongezea mti wake kazi.

Inafaa kuuliza pia fundisho la shamba safi, lisilo na mti wala mgomba, lilitoka wapi, kwa sababu halikutoka kwa wakulima. Nchini Rwanda utawala wa Ubelgiji ulikataza kahawa kuchanganywa na mazao mengine, na katazo hilo likadumu muda mrefu baada ya uhuru; nchini Kenya, Waafrika waliporuhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1930, waliruhusiwa kwa masharti makali, na ushauri rasmi kwa miongo mingi ukawa kahawa isimame peke yake. Shamba la namna hiyo lina ubora mmoja usiopingika: mkaguzi hulikagua kwa urahisi. Mibuni huhesabika, mistari huonekana, dawa hukadiriwa kwa eka. Kwa familia inayokula kutoka shamba hilohilo, ubora huo hauna manufaa yoyote.

Ushahidi wa Uganda yenyewe umekuwapo tangu mwaka 2011, pale Piet van Asten na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, walipochapisha ulinganisho wa mashamba ya kahawa pekee, migomba pekee, na mseto wa vyote viwili. Katika eneo la arabika la Mlima Elgon, mapato ya mwaka kwa hekta yalikuwa wastani wa dola 4,441 kwa mseto, dola 2,364 kwa kahawa pekee na dola 1,728 kwa migomba pekee. Mgomba, ambao licha ya urefu wake si mti bali ni mmea wa majani unaochipuka upya kila mwaka kutoka shina la ardhini, hutoa kivuli chepesi kinachoyumba, hujaza udongo mabaki yake, na huleta chakula na fedha katika miezi ambayo kahawa haina kitu. Elgon si Rwenzori, na takwimu za mlima mmoja hazihamishwi nzimanzima hadi mwingine. Lakini anayedai kwamba mchanganyiko humfukarisha mkulima wa Uganda ndiye mwenye mzigo wa kuleta takwimu, na rai ya jua, kwa jinsi inavyosikika mitaani, haijawahi kuzileta.

Udhaifu mkubwa zaidi wa rai hiyo ni kwamba husema "Kasese" kana kwamba ni mahali pamoja. Wilaya hii inaanzia kwenye nyanda za joto za Ziwa Edward, zenye mwinuko wa mita 900 na ushei, ambako pamba imelimwa kwa vizazi na ambako mbuni wa arabika usingedumu, na kuishia kwenye barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109. Kati ya hapo, kuanzia mita 1,300 hivi hadi kwenye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991, ndipo arabika inapolimwa, na kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nusu digrii au zaidi kidogo kila mita 100 za kupanda, mkulima wa chini na mkulima wa juu hutofautiana kwa digrii nne hivi, tofauti ambayo kwa mmea unaopenda wastani wa digrii 18 hadi 22 ni kubwa mno. Anayelima kwenye vilima vilivyo juu kidogo ya Bwera, ambako upepo wa bondeni huja mkavu na jua la Januari huunguza majani, ana haja ya kivuli ambayo jirani yake wa juu kabisa wa Ihandiro, anayeamka ndani ya ukungu na kuliona jua saa chache kwa siku, hana. Huyo wa pili akipunguza miti yake hadi ibaki michache, hatendi kosa. Mawingu yamekwisha kumfanyia kazi hiyo, na kivuli kizito juu ya ukungu hukaribisha kuvu. Hapa rai ya jua inapaswa kukubaliwa, kwa sharti kwamba ibaki hukohuko juu na isishuke.

Kivuli, basi, ni kipimo cha dawa: kina kiasi chake, na kiasi hicho kina ushahidi. Lorena Soto-Pinto na wenzake, katika mashamba ya wakulima wadogo wa Chiapas nchini Mexico, waliripoti mwaka 2000 kwamba kivuli kinachofunika kati ya asilimia 23 na 38 ya anga kiliandamana na ongezeko la mavuno, kwamba mavuno yaliendelea kudumu hadi karibu asilimia 48, na kwamba kupita hapo yalianza kushuka. Wakulima hao hawakuwa na pembejeo nyingi, na kwa hali hiyo wanafanana na wale wa Kyondo na Kisinga, wilayani Kasese, kuliko wenye mashamba ya mashine ya Minas Gerais nchini Brazil. Mtu akisimama chini ya mti wa kivuli adhuhuri na kuona ardhi yote ni giza, amepita kipimo. Akiona madoa ya mwanga yanayozidi madoa ya giza, yuko karibu nacho.

Kuna pingamizi moja zito kuliko zote, nalo linahusu wadudu na magonjwa. Mwaka 1993 bungua mweusi wa vijiti, kidudu kidogo kinachotoboa matawi machanga na kupanda ndani yake kuvu anayelisha watoto wake, kiliripotiwa Uganda kwa mara ya kwanza katika wilaya ya Bundibugyo, upande wa pili wa mlima huuhuu, kikaenea nchini hasa katika robusta. Kidudu hicho huishi pia katika miti mingi ya kivuli, mmojawapo wa jamii ya mkenge ukiwa kati ya inayokipokea vizuri, na hupenda mashamba yaliyofungamana na kukosa hewa. Kutu ya majani, kuvu aliyeangamiza kahawa ya Ceylon kuanzia mwaka 1869, nayo huonekana kupewa unyevu wa ziada na kivuli. Katika Costa Rica watafiti walionyesha mwaka 2012 kwamba mibuni yenye mzigo sawa wa matunda hupata kutu zaidi kivulini kuliko juani. Lakini sharti la mzigo sawa ndilo la kuzingatiwa, kwa sababu shambani mzigo hauwi sawa: mbuni wa kivulini hubeba matunda machache, na mti wenye mzigo mdogo huhimili kutu vizuri zaidi, hivyo athari mbili zinavutana na matokeo hutegemea mahali. Kwenye Mlima Elgon imeonekana kwamba wadudu wawili wakubwa wa arabika, bungua wa matunda na bungua mweupe wa shina, huitikia kivuli kwa namna zinazopingana. Anayekata miti ili kumkimbia mdudu mmoja anaweza kuwa anamwandalia mwingine makao. Pingamizi hili linathibitisha kwamba aina ya mti ichaguliwe na matawi yake yapogolewe. Halithibitishi kwamba mti uondoke.

Hapo lawama inawageukia watetezi wa kivuli wenyewe, na inastahili kuwa kali. Kwa miaka mingi upandaji miti katika milima ya Afrika Mashariki umepimwa kwa idadi ya miche iliyogawiwa, na mche uliogawiwa mara nyingi umekuwa grevilea, mti wa Australia unaokua haraka, unaonyooka, unaotoa mbao nzuri lakini usio wa jamii ya kunde, na kwa hiyo hauvuti naitrojeni. Grevilea ina mahali pake mpakani mwa shamba. Kuijaza katikati ya mibuni na kuiita kivuli kwa kuwa tu ni mti, kisha kuiacha bila kupogolewa hadi ifunge anga, ndiko kulikowapa wapinzani mifano yao yote ya kivuli kinachoua mavuno. Mringaringa, wenye taji pana na majani yanayooza haraka, na mkuyu ule ambao watu wa magharibi mwa Uganda huuita mutoma na Baganda huuita mutuba, wakiubandua gome kutengeneza nguo, imethibitishwa na vizazi vya wakulima kwamba hukaa na kahawa bila ugomvi, kama ilivyo katika vihamba vya Wachagga kwenye Kilimanjaro, ambako migomba, kahawa na miti mirefu vimepangwa kwa matabaka juu ya ardhi moja. Miti hiyo haikui haraka kama grevilea, na kwa hiyo haipendezi katika ripoti.

Watetezi hao hao hupenda kusema kwamba kivuli kitaiokoa kahawa na ongezeko la joto duniani. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Taji la miti hupunguza joto la mchana, lakini usiku huzuia joto la ardhini lisipande angani, na Alessandro Craparo na wenzake walionyesha mwaka 2015, wakitumia takwimu za Tanzania, kwamba kinachoidhuru zaidi arabika ni kupanda kwa joto la usiku, kila digrii moja ikiambatana na upungufu wa kilo 137 hivi kwa hekta. Vilevile ni kutia chumvi kusema kwamba miti ya kahawa ingezuia mafuriko ya Nyamwamba yaliyoiharibu Kilembe mwezi Mei 2013 na kurudi Mei 2020. Mto unaobeba mawe kutoka kwenye vilele hausimamishwi na bustani ya mtu. Mizizi na matandazo huzuia kitu kidogo kuliko hicho, kisichoandikwa magazetini: udongo wa juu unaoondoka kila mvua, bila kishindo, kutoka shamba la mteremko lililobaki tupu.

Ubora wa kahawa huletwa mara nyingi kama turufu ya mwisho. Ni kweli kwamba buni zinazoiva polepole kivulini huwa kubwa na zenye ladha nzuri zaidi, hasa katika maeneo ya joto yasiyo bora sana kwa arabika, na majaribio ya Costa Rica yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kivuli kikichelewesha uivaji kwa muda unaofika mwezi mmoja. Lakini ubora huo humfaa mkulima pale tu anapolipwa kwa ajili yake. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya arabika ya Rwenzori iliuzwa kama drugar, yaani kahawa iliyoanikwa na maganda yake bila kuoshwa, mara nyingi ikiwa imechumwa mbivu na mbichi pamoja, na mnunuzi aliyeweka gunia kwenye mizani hakuuliza ilikua chini ya mti gani. Vyama kama Bukonzo Joint cha Kyarumba vilivyojishughulisha na uchumaji wa buni mbivu peke yake vimeanza kuibadili hali hiyo, lakini mkulima aliye nje ya chama bado hulipwa kwa uzito, na kumwambia atunze kivuli kwa ajili ya ladha inayofaidiwa na mnywaji wa ng'ambo ni kumwomba msaada ambao hana uwezo wa kuutoa. Hoja ya kivuli haina haja ya turufu hiyo. Inasimama kwa mavuno yenyewe, alimradi yapimwe kwa miaka minne mfululizo badala ya mmoja, na alimradi ndizi, kuni na fedha ya mbolea ambayo haikutumika viandikwe katika daftari lilelile.

Kinachobaki ni kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyopuuzwa na pande zote. Kivuli kizuri hutengenezwa kila mwaka: matawi ya chini ya mti hukatwa ili hewa ipite juu ya mibuni, na taji hupunguzwa mvua zinapoanza, Machi na Agosti, wakati mawingu yenyewe yanapunguza mwanga, kisha huachwa lijifunge tena kabla ya ukavu wa Juni na ule wa Januari. Kupanda mkuyu mkubwa kwa kamba na panga ni kazi ya hatari, ambayo mjane au mzee hawezi kuifanya, na malipo ya kibarua huangukia wakati ambapo buni hazijauzwa; ndiyo maana mti huachwa ukafunga anga, na siku moja, bei inapopanda, hukatwa wote kwa mara moja kwa msumeno wa kukodi. Fedha zinazotumika kugawa miche mipya mwaka baada ya mwaka zingetosha kuwalipa vijana wa kila kata, waliofunzwa na kupewa vifaa, wapogoe miti iliyopo tayari, kwa zamu, kuanzia mashamba ya chini ya Bwera yanayokihitaji kivuli zaidi na kuelekea juu, wakipunguza zaidi kadiri wanavyoukaribia ukungu.